Mdudu kibibi wa Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu madoa, rangi na aina zake

Kila msimu wa tungule na kunde hunijia watu na kikopo mkononi, au picha kwenye simu, na swali lao ni moja: "Huyu mzuri au mbaya?" Nalima mboga, na nimewatazama wadudu hawa kwa miaka mingi. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wenye bustani, walimu wa skuli na watoto wenye macho makali. Nataka jambo moja likushike kabla hujasoma mengine: rangi ya mdudu kibibi na idadi ya madoa yake ndiyo mashahidi dhaifu kuliko wote. Wenye nguvu ni umbo, ngao ya shingoni, ung'avu wa mgongo na mmea anaoukalia.

Mdudu kibibi ni mdudu gani hasa?

Ni mbawakawa, wa ukoo ambao wataalamu wanauita Coccinellidae. Ulimwenguni zinajulikana aina zipatazo 6,000. Kama ilivyo kwa mbawakawa wote, lile ganda gumu la mgongoni ni jozi ya mabawa ya juu, na chini yake yamekunjwa mabawa laini ya kurukia. Ukimpulizia utaona ganda linafunguka katikati na mabawa ya ndani yanatoka kama shuka iliyokuwa mkobani.

Wengi wana ukubwa wa punje ya pilipili manga, na umbo lao ni hilo hilo: duara kwa juu, bapa kwa chini. Wapo wadogo kama mbegu ya mchicha, ambao watu hupita juu yao maisha yote wasiwaone. Shambani wengi hawamwiti kwa jina lolote, husema tu "kile kidudu cha madoa". Ulaya jina lake katika lugha kadhaa limefungamanishwa na Bibi Mariamu.

Ni kweli kwamba kila doa ni mwaka mmoja wa umri wake?

Si kweli. Mdudu kibibi mzima kwa kawaida haishi miaka mingi kiasi hicho, na madoa hayaongezeki kadiri anavyozeeka. Akishakomaa, madoa aliyonayo ndiyo atakayokufa nayo.

Ila kuna saa chache za mwanzo ambazo zinawapoteza watu, na mimi nilizishuhudia. Nilikuwa na jani la kunde ndani ya chupa ya jemu, limegandiwa na bundo, yaani ile hatua ya kulala kati ya buu na mdudu mzima. Nilipotoka kusali alfajiri nikakuta ganda limepasuka na mdudu ameketi kando yake, wa njano iliyopauka kama siagi, hana hata doa moja, mgongo laini unameta umande. Ningemwona shambani ningeapa ni aina nyengine kabisa. Nilipomaliza chai, vivuli vya kijivu vilikuwa vimeanza kuonekana chini ya njano ile, kama wino unaochomoza upande wa pili wa karatasi. Kufika adhuhuri alama zilikuwa nyeusi tii. Wekundu haukuja siku ile wala ya pili. Njano ilikolea ikawa rangi ya chungwa, na wekundu wenyewe ulifuata pole pole kwa siku nyingi.

Kwa hiyo ukimkuta wa njano aliyepauka, mtazame pembeni yake kwanza. Mara nyingi ganda tupu la bundo bado limeganda kwenye jani.

Nimewaona wawili wamepandana, mmoja mwekundu wa madoa meusi, mwengine mweusi wa madoa mekundu. Aina mbili zinawezaje kupandana?

Inawezekana kabisa kwamba ni aina moja. Hapa ndipo penye raha yote ya wadudu hawa, na ndipo penye makosa mengi.

Nenda soko la Darajani ukaulize kanga. Muuzaji atakutandikia doti nne za mtindo mmoja: moja nyekundu kwa nyeusi, moja njano kwa nyeusi, moja nyeusi kwa nyeupe. Jina lililoandikwa ni lile lile, pindo ni lile lile. Hakuna mwanamke wa mjini atakayesema hizo ni kanga nne tofauti. Ni kanga moja iliyotoka kwa rangi nne. Mdudu kibibi ndivyo alivyo. Wapo wa aina moja, baba mmoja mama mmoja, ambao migongo yao haifanani hata kidogo.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Harmonia axyridis, mwenye asili ya Asia ya mashariki. Ana sura zaidi ya 100 zilizowahi kuelezwa. Ya kwanza inaitwa succinea: mgongo wa chungwa au mwekundu, na madoa meusi kuanzia sifuri hadi karibu 20. Nyengine ni spectabilis, mweusi mwenye madoa manne mekundu. Ya tatu ni conspicua, mweusi mwenye mawili tu. Ukiwaweka watatu hawa kwenye kiganja, mtu asiyewajua atakuhesabia aina tatu.

Mtaalamu wa Kichina, Tan Jiazhen, aliwachunguza kwa kuwazalisha, na mwaka 1946 akaeleza jambo la ajabu. Baba akiwa na sura moja na mama nyengine, mtoto hachukui ya mmoja akaacha ya mwengine. Weusi wa baba hutokea pale ulipo, na weusi wa mama pale ulipo, vyote juu ya mgongo mmoja, mithili ya kitambaa kilichopigwa chapa mbili. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na moja la Ufaransa, yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizi inaongozwa na jeni moja, ambayo wataalamu wanaiita pannier. Jeni moja, nguo zote hizo.

Basi kama rangi inadanganya, niangalie nini?

Rudi kwenye kanga. Mji ni ile sehemu ya katikati inayovuta macho, na pindo ni mpaka wake. Kwa mdudu kibibi mgongo ndio mji, na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Pindo ni ile ngao ndogo iliyo baina ya kichwa na mgongo. Alama za ngao hiyo hubadilika kidogo kuliko za mgongo. Harmonia axyridis wa sura nyepesi, kwa mfano, ana ngao nyeupe yenye alama nyeusi kama herufi M. Wa sura nyeusi ana ngao nyeusi yenye mabaka meupe makubwa pembeni. Ukishaijua ngao, mgongo hauwezi kukupoteza sana.

La pili ni ung'avu. Elekeza mgongo wake kwenye jua. Je, unameta kama kigae kilichopanguswa, au umefifia kama kitambaa cha mahameli? Mahameli ni vinyweleo vifupi, na karibu kila mara kwenye bustani zetu mdudu kibibi mkubwa, mwenye madoa na vinyweleo, ni mla majani. Hii ni alama yenye manufaa kuliko kuhesabu madoa, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuitumia.

Kisha tazama ukingo wa ganda. Wengine umeshuka wima, wengine umechomoza nje kama ukingo wa kofia. Tazama miguu, ni myeusi au ya kahawia? Tazama vipapasio: vya mdudu kibibi ni vifupi, na ncha zake zimevimba kama rungu dogo. Ukiona vipapasio virefu kama uzi, huyo si wa ukoo huu.

Na usimtenge na mmea wake. Mdudu aliyekaa penye vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, ana kazi na vidukari. Aliyekaa juu ya jani la tango lililokwanguliwa, ndiye aliyelikwangua.

Ni wepi ninaoweza kuwakuta mara nyingi?

Wa kwanza kukutana naye kwenye kunde, mabamia na mahindi yaliyoingiwa na vidukari ni Cheilomenes. Jamaa huyu ameenea Afrika Mashariki yote. Cheilomenes lunata ana mgongo unaometa, mweusi uliokatwa mabaka makubwa ya chungwa au mekundu, na mabaka ya mbele yamepinda kama mwezi mwandamo. Lunata kwa Kilatini ni "wenye umbo la hilali". Mabaka hayo kwa kijana ni ya njano, kwa mkubwa ni mekundu, na upana wa mistari myeusi inayoyatenganisha hutofautiana mdudu kwa mdudu. Ndugu yake Cheilomenes propinqua huja na sura mbili: mmoja wa mistari ya urefu kuanzia shingoni hadi nyuma, mwengine karibu mweusi wote. Watu waliniletea hao wawili mara nyingi wakiuliza yupi ni wa sumu. Wote wanakula vidukari.

Kwenye minazi na michungwa yenye wadudu magamba, wale wanaoganda kwenye mmea kama magamba na kuufyonza, tafuta punje nyeusi inayong'aa, iliyo duara kweli kweli na ukingo wa kofia. Hao ni jamaa za Chilocorus. Mmoja wao, Chilocorus nigrita, asili yake ni Bara Hindi, kichwa chake na pembe za ngao ni za rangi ya asali. Miaka ya 1930 alipelekwa Shelisheli kupambana na wadudu magamba wa minazi, na leo amesambaa nchi nyingi za joto. Hana doa hata moja, ndiyo maana hakuna anayemdhania kuwa ni mdudu kibibi.

Chini ya majani ya muhogo au mpapai wenye utitiri mwekundu kuna kidoa cheusi kinachotembea, milimita moja au moja na nusu tu. Huyo ni Stethorus, na chakula chake ni utitiri. Wapo pia jamaa za Scymnus, wadogo, wa kahawia au weusi, wenye vinyweleo. Hao ndio wanaovunja ile kanuni yangu ya mahameli, ila udogo wao unawatambulisha. Wale wanaokula majani ni wakubwa mara mbili tatu yao.

Yupi anayekula mazao yangu?

Wako wachache, lakini madhara yao ni ya kweli, na ndio waliowaharibia jina wenzao.

Kwenye matango, matikiti, maboga na mimung'unye ni Henosepilachna elaterii. Mkubwa, karibu na punje ya mbaazi. Rangi yake ni chungwa iliyoiva au hudhurungi nyekundu, isiyometa, na kila upande ana madoa sita meusi, jumla 12. Nasema 12, lakini hata hapa madoa hukua, hukutana, mengine hufifia. Basi usimwachie kwa sababu umehesabu 11. Mguse vinyweleo kwa jicho, halafu geuza jani. Utaona sehemu zilizokwanguliwa nyama ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama dirisha la karatasi, na mishipa imesimama peke yake. Mabuu yake ni ya njano, mazito wa kutembea, na miiba yao ina matawi.

Kwenye mpunga na mahindi ni Chnootriba similis. Wakulima wa mabonde kama Cheju wanapaswa kumjua kwa sababu mbili. Anakwangua majani yakabaki na michirizi myeupe ya urefu. Pia ni miongoni mwa mbawakawa wanaoweza kusambaza virusi vya ule ugonjwa wa mpunga unaogeuza majani kuwa ya njano yenye mabato, ambao bara wanauita kimyanga. Ugonjwa wenyewe uligunduliwa Kenya mwaka 1966 na Zanzibar upo. Mdudu mmoja anayetoka kwenye shina gonjwa kwenda shina zima anaweza kubeba maradhi hata kama alichokula hakijazi kijiko. Kung'oa mashina yaliyougua na kusafisha majani pori ya ukingoni kunasaidia zaidi kuliko kumkimbiza mdudu mmoja mmoja.

Kwa bustani ndogo ya matango, mimi huokota kwa mkono asubuhi mapema, wakati bado wamezubaa kwa ubaridi, na kuponda mayai ya njano yaliyosimamishwa kama risasi chini ya majani. Lakini geuza jani na utazame kabla ya kuponda, kwa sababu mayai ya wala vidukari nayo ni ya njano na husimamishwa vivyo hivyo. Kinachotenganisha ni jirani: palipo na vidukari, acha, palipo na jani zima la tango lisilo na kidukari hata mmoja, ponda.

Nimeona wadudu wa kijivu wenye miiba, kama mamba wadogo, wamejaa kwenye kunde. Nipulize dawa?

Tafadhali usipulize.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa kulima niliwakuta hao hao kwenye matuta mawili ya kunde. Nikampelekea muuzaji wa pembejeo picha, akanipa chupa, akasema inaua kila kitu. Iliua kweli. Siku ya tatu matuta yalikuwa kimya. Wiki ya pili vidukari walirudi, weusi wamejipanga juu ya vikonyo kama ufuta uliomwagwa, na safari hii hapakuwa na wa kuwazuia. Sikuvuna hata pishi moja. Wale mamba wadogo walikuwa ndio watoto wa Cheilomenes, na walikuwa kazini.

Buu wa mdudu kibibi mla wadudu ni mrefu, kijivu au mweusi, ana mabaka ya chungwa au njano ubavuni, miguu sita mirefu, na anakwenda mbio. Mmoja hula vidukari mamia kadhaa kabla hajawa bundo. Kwa joto letu safari ya kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua kama wiki tatu, na sehemu kubwa ya ulaji hufanyika katika umbo hilo ambalo watu hawalipendi. Mlinganishe na buu wa mla majani niliyemtaja juu: wa njano, mzito, miiba ina matawi. Ukiwaona mara moja wote wawili, hutawachanganya tena.

Na hivi vitu vyeupe kama pamba vinavyotembea kati ya vidung'ata, wale wadudu weupe wa unga wanaofyonza mimea?

Kama vinatembea upesi, vitazame vizuri. Mabuu ya Scymnus na jamaa zake hujifunika nta nyeupe, wakafanana na vidung'ata wanaowala. Chukua kijiti ukakwangue nta taratibu. Kidung'ata ni laini na hujikokota. Buu ana miguu inayoonekana na atakimbia.

Wale wekundu wanaojazana chini ya msufi ni wadudu kibibi?

La. Hao ni kangambili. Ni warefu, wana mrija wa kufyonzea chini ya kichwa, na mabawa yao yamekunjwa yakapishana mgongoni mfano wa X. Mdudu kibibi ana mstari mmoja ulionyooka katikati ya mgongo. Kangambili hufyonza mbegu za pamba, msufi na mabamia.

Kuna wa dhahabu kwenye majani ya viazi vitamu. Naye?

Naye si wa ukoo huu. Ni mbawakawa kobe, Aspidimorpha. Ukingo wa ganda lake ni mpana na unapitisha mwanga kama kioo, kichwa kimefichwa chini yake, na anatoboa majani matundu ya mviringo. Akifa dhahabu yake hutoweka, kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mtoto, mwonyeshe akiwa hai.

Nimesikia kuna mdudu kibibi mgeni aliyevamia nchi nyingi. Amefika Zanzibar?

Ndiyo. Ni huyo huyo Harmonia axyridis. Alisambazwa kwa makusudi Marekani na Ulaya kwa ajili ya kula vidukari, kisha akaenea kuliko walivyotaka waliomleta. Afrika Kusini alionekana mapema miaka ya 2000, Kenya akaripotiwa mwaka 2011, na taarifa ya kitaalamu ya mwaka 2016 ikamtaja kutoka Zanzibar.

Ubaya wake ni ulafi. Vidukari wakiisha anageukia mayai na mabuu ya wadudu kibibi wengine, wakiwemo Cheilomenes wetu. Kwengine alikokaa miaka mingi, aina za wenyeji zimepungua.

Mtambue kwa mambo manne kwa pamoja. Ni mkubwa kuliko wengi, milimita 5 hadi 8. Miguu yake ni ya kahawia. Ngao ina mabaka meupe makubwa, na wa sura nyepesi wana ile M. Na nyuma ya mgongo, karibu na mwisho wa ganda, mara nyingi kuna kijimwinuko cha kukata upana, kama mkunjo wa nguo iliyopigwa pasi vibaya. Nakuomba usimuue kwa kumdhania tu. Madoa mengi juu ya mgongo wa chungwa hayatoshi kumtia hatiani. Mpige picha, andika mahali na tarehe, na uzipeleke picha kwa maafisa wa kilimo au uziweke kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wanaowajua watakusaidia. Picha moja safi kutoka Konde au Makunduchi ina thamani kubwa, kwa sababu wadudu wa visiwa hivi wameandikwa kidogo mno.

Kwa nini kwenye mikarafuu yangu hawakai, na wadudu magamba wamejaa tele?

Tazama kama kuna maji ya moto. Hao siafu wa rangi ya chungwa wanaoshona majani kwa hariri wanafuga wadudu magamba kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Wanawakamua utomvu mtamu na kwa malipo wanawalinda. Mdudu kibibi akitua, maji ya moto humwangukia kwa wingi hadi aruke au aanguke.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa. Miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alifanya kazi Zanzibar juu ya maji ya moto, na miongoni mwa aliyoyaandika ni uhusiano wao na mdudu gamba wa mikarafuu ambaye jina lake la kitaalamu ni Saissetia zanzibarensis. Visiwa vyetu vimo ndani ya jina la mdudu huyo.

Lakini usikimbilie kuchoma viota. Kwenye minazi maji ya moto ni walinzi wazuri: wanamfukuza mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka, ambaye jina lake, Pseudotheraptus wayi, alipewa kwa heshima ya Way huyo. Mwenye minazi na mikarafuu kwenye shamba moja ana mizani ngumu. Mimi minazini nawaacha. Kwenye miche midogo ya mkarafuu iliyozidiwa na magamba, nakata matawi yanayogusana na miti mingine ili siafu wakose njia, na hapo wadudu kibibi hupata nafasi ya kutua.

Akishikwa hutoa maji ya njano. Ni sumu?

Ni damu yake, anaitoa makusudi kwenye viungo vya magoti. Ni chungu na ina harufu kali, imekusudiwa ndege na mijusi wamteme. Kwa mtu haina neno zaidi ya kuacha doa kwenye nguo na harufu kwenye vidole. Mtoto akimshika, anawe mikono asijipake machoni. Rangi kali ya mgongo ndiyo tangazo la uchungu huo.

Rangi hubadilika kwa misimu?

Kwa mdudu mmoja mzima, hapana, zaidi ya ule wekundu kukolea. Kwa kizazi, ndiyo kwa baadhi ya aina. Harmonia axyridis wa sura nyepesi akikulia kwenye ubaridi hutoka na weusi mwingi, madoa makubwa. Akikulia kwenye joto, madoa huwa madogo au hayapo. Faida yake inaeleweka: mgongo mweusi hupata moto wa jua upesi. Hapa kwetu tofauti baina ya kipupwe cha Julai na joto la Februari si kubwa kama ya nchi za theluji, basi usitegemee kubadilishiwa sura yote.

Dume na jike nitawatofautishaje?

Kwa rangi ya mgongo huwezi. Jike mara nyingi ni mkubwa kidogo. Kwa aina kadhaa, Harmonia akiwemo, uso wa dume una weupe zaidi.

Naweza kuwaleta kwenye bustani yangu?

Unaweza kubeba jani lenye mabundo kutoka tuta moja hadi jengine, na hubaki pale palipo na chakula. Wazima ukiwamwaga, wengi wataruka jioni hiyo hiyo. Kinachowaweka ni maua madogo yenye chavua, kwa mfano giligilani iliyoachwa ikachanua ukingoni, na kutopuliza sumu ya kuua kila kitu. Vumilia pia vidukari wachache. Bustani isiyo na kidukari hata mmoja haina cha kumlisha mdudu kibibi.

Kuleta aina mpya kutoka ng'ambo ni jambo la serikali na wataalamu. Mafanikio yapo: mwaka 1888 mdudu kibibi wa Australia aitwaye Rodolia cardinalis alipelekwa California, na ndani ya muda mfupi akaokoa michungwa iliyokuwa inakufa kwa mdudu gamba. Na msiba wa Harmonia nao upo.

Nipigeje picha ili mtu aweze kunitambulishia?

Picha moja ya juu haitoshi. Piga tatu: ya juu kabisa, ya ubavu ili umbo na ukingo wa ganda vionekane, na ya mbele inayoonyesha ngao na uso. Kivuli cha mti ni bora kuliko jua kali, kwa sababu mgongo unaometa hurudisha mwanga ukafuta alama, na watu wengi wamedhani mng'ao mweupe ni doa. Weka punje ya mchele pembeni ili ukubwa ujulikane. Akiwa hatulii, mtie kwenye kikopo na ukiweke ndani ya friji dakika tano; atatoka mzito, na utakuwa na kama dakika moja kabla hajapata joto.

Piga pia jani na kilichokuwa juu yake. Andika kijiji, tarehe na jina la mmea, kwa jina lolote mnalolitumia hapo kwenu. Ukimaliza, mrudishe kwenye jani lile lile ulilomtoa, penye vidukari aliokuwa akiwala.